Reli Yapandisha Bei ya Ardhi: Faida Ni ya Nani?



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi swali moja: Je, Chama chapinga reli? Wengine wameuliza kwa hasira, kwa sababu wamesikia ati sisi twasimama na wale wasiotaka mji uendelee. Basi yafaa tujibu kwa maandishi, ili mwenye kusoma amsomee mwenzake, na maneno yasigeuzwe njiani.

Hatupingi reli. Hakuna mtu anayeihitaji reli ya mjini kuliko mfanyi kazi. Tazama njia zinazoingia Industrial Area, Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi. Utawaona maelfu wakitembea kwa miguu, wengine kutoka Kibera, wengine kutoka Mukuru, na wengi wao wanaifuata reli yenyewe, wakikanyaga taruma moja baada ya jingine, na treni hawaipandi. Si kwamba wapenda kutembea. Nauli ya matatu ya asubuhi na jioni, siku sita kwa juma, ni kipande kikubwa cha mshahara, na mvua ikianza kunyesha nauli yapanda kabla maji hayajafika mtaroni. Treni moja huchukua watu wa matatu nyingi, haizuiliwi na msongamano wa magari, na nauli yake haibadiliki kwa sababu ya wingu. Kwa hiyo tangu stesheni ya Syokimau ilipofunguliwa Novemba 2012, na tangu zilipoletwa mwaka 2020 zile treni za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, sisi tumekuwa tukisema neno moja: ongezeni.

Neno letu la leo si juu ya treni. Ni juu ya ardhi iliyo kando ya treni.

Ukiweka stesheni mahali, ardhi iliyo karibu hupanda bei. Hili si jambo la uchawi. Ploti ambayo jana ilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka kazini, leo ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Mwenye ploti hakuongeza hata tofali moja. Labda alikuwa amelala, labda alikuwa ng'ambo, labda alikuwa akingoja tu. Akaamka asubuhi akakuta ploti yake imezaa. Imezaa kwa sababu umma umejenga reli. Na umma ni nani? Tangu mwaka 2013 iko ada ya kujenga reli inayotozwa bidhaa zinazoingia kutoka nchi za nje. Mama akinunua sufuria iliyotoka ng'ambo, au fundi akinunua msumeno, ada ile imo ndani ya bei ijapokuwa haikuandikwa katika risiti. Huko ndiko kulipa kwa kwanza. Akipanda treni akatoa nauli, amelipa mara ya pili. Na mwenye nyumba akimwambia kwamba kuanzia mwezi ujao kodi imeongezeka, maana mtaa sasa una stesheni, amelipa mara ya tatu. Reli moja, malipo matatu, na mwenye ploti hajalipa hata moja zaidi ya jirani yake.

Miji mingine imejaribu kuikamata faida hii isiangukie mfuko wa mtu mmoja. Kule Hong Kong kampuni ya reli, ambayo sehemu yake kubwa ni mali ya Serikali, hupewa haki ya kujenga majumba juu ya stesheni na kando yake, nayo hulipia ardhi ile kwa bei iliyokuwapo kabla ya reli. Bei ikipanda, faida inarudi katika reli. Ni mpango wa akili, na wakubwa wetu wameusikia. Lakini tusidanganyane: Hong Kong ni mji ambao mfanyi kazi hupata taabu kubwa kupata hata chumba. Faida ilikamatwa, ikajenga reli nzuri sana, wala haikumpa mnyonge nyumba. Basi kuikamata faida ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua itumiwe kwa nani, na nusu hiyo ndiyo inayosahauliwa mezani kila mara.

Sasa turudi nyumbani. Nairobi ni mtoto wa reli. Kazi ya kutandika njia ilianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1899 reli ikafika hapa penye maji na matope, ikaweka kambi na karakana. Ardhi iliyo katikati ya mji leo ilichukuliwa kwanza na reli. Maduka, mabenki na ofisi vilikuja nyuma yake. Wafanyi kazi wa reli walijengewa nyumba karibu na kazi, ili king'ora kikilia wawe wamekwisha kufika. Muthurwa ni moja ya mitaa hiyo, na Makongeni ni mwingine. Vyumba vilikuwa vidogo, choo na maji vya kushirikiana, kwa sababu wakoloni walifikiri kwamba Mwafrika mjini ni kapera wa kudumu, na mke na watoto watalishwa na shamba huko nyumbani.

Fikira hiyo haikuvunjwa na huruma ya mtu. Januari 1947 wafanyi kazi wa Mombasa waligoma kwa maelfu, na kati ya malalamiko yao makubwa yalikuwa mshahara usiotosha na nyumba za kuabisha. Mwaka 1954 kamati ya Serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Carpenter ikakiri kwamba mshahara wa kapera haufai, na kwamba mtu alipwe kiasi cha kuweza kukaa mjini na jamaa yake. Twayakumbusha haya kwa sababu moja. Siku hizi nyumba za reli hutajwa kana kwamba zilikuwa sadaka waliyopewa watu, na sasa mwenye sadaka anataka chake. La. Nyumba ile ilikuwa sehemu ya mshahara. Mtu alilipwa fedha kidogo na chumba kimoja, na kwa malipo hayo akatia makaa katika tanuri ya garimoshi mpaka mgongo ukapinda.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwaka 1978 likaanzishwa Shirika la Reli la Kenya. Mwaka 2006 uendeshaji wa treni ukakabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25, ambao ulikatizwa mwaka 2017, haujafika hata nusu. Katika mageuzi yale ya 2006 uliundwa mfuko wa pensheni ya wafanyi kazi wa reli, nao ukapewa ardhi na majumba, Muthurwa ikiwa ndani yake, ili mapato yake yawalipe wastaafu.

Hapa ndipo penye fundo, na twaomba ndugu wasome polepole.

Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa walipewa notisi ya kuhama. Ubomoaji ukaanza, nao wakaenda Mahakama Kuu. Agosti 2013 hukumu ikatoka. Mahakama haikusema kwamba nyumba ni mali ya wapangaji. Ilisema kwamba haki yao ya kuwa na makazi ilivunjwa kwa namna walivyotolewa, na ikaagiza pande zote mbili zikae pamoja zipange njia ya ubinadamu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa na yenye usafi. Ilikuwa hukumu kubwa, na wanasheria wameitaja mara nyingi tangu siku hiyo.

Lakini upande wa pili wa shauri alikuwa nani? Hakuwa mzungu wa shamba wala kabaila wa mjini. Ulikuwa mfuko wa wazee wetu. Fundi aliyefunga breki miaka thelathini, karani wa stesheni, mpiga bendera, mjane wa dereva: hao ndio wanaongoja pensheni itoke katika ardhi ile. Ardhi isipotoa mapato, mzee huyo halipwi. Na chumbani mle mle huenda anakaa mtoto wa mwenzake aliyefanya naye kazi. Waliopanga mambo haya wamemsimamisha mfanyi kazi mstaafu mbele ya mfanyi kazi mpangaji, kila mmoja ameshika karatasi yake halali, na wao wakasimama kando wakitazama.

Wako wanachama wetu waliotaka Chama kichague upande. Hatuchagui. Deni la pensheni ni deni la mwajiri aliyetumia nguvu za watu wale, na mwajiri yule lilikuwa shirika la umma. Kumpa mzee ploti badala ya fedha, kisha kumwambia, nenda ukamfukuze mwenzio upate haki yako, si kulipa deni. Ni kulihamisha. Ikiwa reli mpya inaipandisha bei ardhi ya katikati ya mji, basi fedha za kumlipa mzee zipo, na fedha za kumjengea mpangaji zipo, zimo ndani ya ongezeko lile lile. Zitapungua tu ikiwa mtu wa tatu amekaa katikati akachukua fungu lake kwanza. Kwa hiyo kila mara mnaposikia wastaafu na wapangaji wakigombana magazetini, ulizeni ni nani asiyetajwa.

Desemba 2022 ulizinduliwa Nairobi mpango wa kujenga mji mpya juu ya ardhi ya reli, karibu ekari 425, upande wa Haile Selassie Avenue kuelekea Bunyala Road, pamoja na stesheni kuu mpya, na Serikali ya Uingereza ikiwa mshirika wake. Tumeiona michoro. Ni mizuri. Kuna miti, kuna watu wenye mikoba wanatembea bila haraka. Tumeitafuta michoro hiyo mara mbili tatu tumwone mama anayeuza chai na mandazi, na mkokoteni wa mbogamboga, hatukuwaona. Labda siku ya kuchora walikuwa wagonjwa.

Kazi kama hiyo ni ya miaka mingi, na kuchelewa kwenyewe kunadhuru. Watu hudhani kwamba taabu huanza siku tingatinga lifikapo. Sivyo. Taabu huanza siku mtaa unapotangazwa kwamba utajengwa upya. Tangu siku hiyo hakuna anayetia kidole. Bati likitoboka, mwenye nyumba asema, ya nini kulitengeneza na nyumba itavunjwa? Bomba la maji machafu likipasuka laachwa limwagike mlangoni. Mwenye duka haongezi mali. Shule hairekebishi madarasa. Mpangaji akiomba mkataba wa mwaka aambiwa aendelee mwezi kwa mwezi. Waliokuwa na uwezo kidogo huhama wenyewe, na wanaobaki ni wale wasio na pa kwenda. Miaka kumi ikipita hivyo, tingatinga linakuta mtaa umekwisha kujibomoa, na afisa asimama mbele ya kamera akasema, tazameni uchafu huu, twawaondolea. Watu wamefukuzwa polepole bila hata notisi moja, na mahakamani hakuna shauri, kwa kuwa hakuna siku moja ya kuitaja.

Wapo watakaosema kwamba twatabiri mabaya. Haya si utabiri. Yametokea mahali pengine, tena palipokuwa na vyama vyenye nguvu kuliko chetu.

Mashariki ya mji wa London, kando ya mto Thames, palikuwa na magati makubwa mno. Makuli wa magati yale ndio waliogoma mwaka 1889 wakidai peni sita kwa saa, wakazipata, na mgomo ule ukavipa vyama vya watu wasio na ufundi nguvu ambayo havikuwa nayo. Wanachama wetu wa Mombasa wataielewa habari inayofuata bila kuelezwa sana: zikaja kontena, meli zikawa kubwa, zikahamia Tilbury karibu na bahari. Kati ya mwaka 1967 na 1981 magati ya London yalifungwa moja baada ya jingine. Ikabaki ardhi tupu, maji yaliyosimama, na watu waliozaliwa kwa kazi ambayo haipo tena.

Mwaka 1976 mabaraza ya mitaa yalitoa mpango wa kujenga nyumba za kupangisha na kuleta kazi za viwanda kwa wenyeji. Fedha zikawa haba, mambo yakakokota. Ndipo mwaka 1981 Serikali ilipounda shirika maalum la kuendeleza eneo lile, kama maili 8.5 za mraba, likapewa madaraka ya kupanga ujenzi yaliyokuwa ya mabaraza yaliyochaguliwa na watu. Ndugu, liangalieni vizuri jambo hili. Mpango wa wenyeji ulicheleweshwa, kisha kuchelewa kule kukawa ndiyo sababu ya kuwanyang'anya wenyeji sauti.

Shirika lilitaka njia ya usafiri, lakini halikutaka gharama ya reli kubwa. Likajenga reli nyepesi, kwa pauni milioni 77, sehemu kubwa yake ikipita juu ya madaraja na njia za treni za zamani. Ilifunguliwa mwaka 1987 ikiwa na stesheni 15 na treni 11, na treni hizo zilijiendesha bila dereva. Ilikuwa ndogo mno. Walipoanza kujenga maghorofa ya mabenki pale Canary Wharf, ilibidi kuipanua reli ile karibu tangu ilipozaliwa: majukwaa yakaongezwa urefu, mwaka 1991 ikafikishwa Bank katikati ya mji wa biashara, mwaka 1994 ikafika Beckton, mwaka 1999 ikapita chini ya mto mpaka Lewisham. Hata hivyo kampuni iliyojenga maghorofa yale ilianguka mwaka 1992, na jengo refu kuliko yote nchini likasimama na vyumba vingi vitupu. Mahali pale hapakupata nguvu kamili mpaka reli kubwa ya chini ya ardhi ilipofikishwa huko mwaka 1999. Tangu gati la kwanza kufungwa ilikuwa imepita miaka 32. Mtoto wa kuli aliyezaliwa mwaka ule sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na ujana wake wote aliupitisha akingoja maendeleo yamfikie mlangoni.

Yalipofika, yalikuwa ya nani? Kazi nyingi zilizokuja zilikuwa za mabenki, bima na magazeti, na wengi wa wafanyi kazi hao walihama tu na waajiri wao kutoka sehemu nyingine za London. Mwaka 1986 kampuni moja kubwa ya magazeti ilihamishia mitambo yake Wapping, katika eneo lile lile, na wapiga chapa zaidi ya 5,000 waliogoma wakafutwa kazi. Ardhi mpya ilitumiwa kuvunja chama cha zamani. Nyumba nzuri zilijengwa kando ya maji, na mtoto wa kuli akizitazama aliona tu pazia.

Hatusemi kwamba reli ile ilikuwa mbaya. Leo hii maelfu ya watu wa kawaida huipanda kwenda kazini, na kila ilipopanuliwa, hasa ilipofika Woolwich mwaka 2009, iliwafaa watu waliokuwa wamesahauliwa. Kosa halikuwa katika mataruma. Kosa ni kwamba makubaliano juu ya ardhi yalifanywa kabla mwenyeji hajaketi mezani, na alipoketi chakula kilikuwa kimekwisha.

Karibu na kwetu zaidi, Addis Ababa ilifungua reli nyepesi ya umeme Septemba 2015. Njia mbili, kama kilomita 32, magari 41, gharama karibu dola milioni 475, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo kutoka China. Nauli iliwekwa chini, na watu wakajaa. Twawapongeza kwa hilo, maana nchi nyingi zilizo tajiri kuliko Ethiopia hazijathubutu. Lakini baada ya miaka michache magari mengi yalikuwa yamelala karakanani kwa kukosa vipuri. Hapo mfanyi kazi wa reli anajua la kusema: ukinunua gari bila kununua pamoja nalo akiba ya vipuri na kufundisha mafundi, umenunua picha ya gari. Na juu ya ardhi, mitaa ya zamani katikati ya mji ilivunjwa kwa miaka mingi, hata Piassa ilipofikiwa mwaka 2024, na watu wengi wakaelekezwa kwenye maghorofa ya pembezoni. Nyumba hizo zilitolewa kwa kura, na zilitaka malipo ya kwanza. Maskini wengi walioshinda kura walishindwa na malipo, wakazipangisha kwa wenye fedha. Wakawa wenye nyumba kwa jina, na wao wenyewe wapangaji mahali pengine.

Basi Chama chasemaje?

Twasema makubaliano yaandikwe kabla ya msingi kuchimbwa. Katika kila ardhi ya umma itakayojengwa upya kwa sababu ya reli, orodha ya wapangaji na ya wafanya biashara wadogo ichukuliwe mapema, ibandikwe mahali watu waione, na kila mtu aweze kupinga ikiwa jina lake limeachwa. Tunajua jinsi majina yanavyokufa na mengine kufufuka katika orodha zinazofungiwa kabatini. Nyumba za kuhamia zijengwe kwanza, karibu na mahali pale pale, ndipo za zamani zivunjwe. Kando ya reli ya Kibera na Mukuru ilipata kufanyika kwamba watu waliokaa juu ya njia walijengewa nyumba na vibanda pembeni yake. Kazi ile ilikuwa na kasoro zake, lakini inatosha kumjibu kila anayesema ati haiwezekani.

Na mtaa ukitangazwa kwamba utajengwa, wajibu wa kutengeneza bati, choo na bomba usife siku ile. Uendelee mpaka mpangaji wa mwisho ametoka.

Tena, tunalipia nyumba hata sasa. Chini ya sheria ya mwaka 2024, kila mwezi mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri hutoa asilimia 1.5 nyingine. Fedha hizi ni zetu. Ikiwa nyumba hizo zitajengwa juu ya ardhi ya reli, basi sehemu yake iwe ya kupangisha kwa kodi inayolingana na mshahara wa chini, wala si ya kuuza tu. Mtu anayepokea mshahara wa kibarua hawezi kununua nyumba kwa kupewa hongera.

Jambo la treni zenyewe tulitaje kwa ufupi. Treni za abiria wa mjini zimepangwa zaidi kwa saa za asubuhi na jioni, kama kwamba kila mtu ni karani. Mwenye zamu ya usiku kiwandani, mlinzi, mpishi wa hoteli, muuguzi, hao hutoka kazini wakati stesheni imefungwa. Twataka treni za zamu.

Lakini jambo ambalo Chama chaweza kulishika kwa mikono yake bila kungoja waziri wala baraza ni posho ya nyumba. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanyi kazi nyumba inayofaa kazini au karibu na kazi, au sivyo amlipe juu ya mshahara fedha za kutosha kupata nyumba hiyo. Shikeni maneno hayo: za kutosha. Katika agizo la jumla la mishahara posho hiyo ni asilimia 15 ya mshahara wa chini, na waajiri wengi wamelichukua agizo hilo kama dari, na hali ni sakafu. Tuseme mtu anapokea shilingi 16,000. Asilimia 15 ni shilingi 2,400. Tuseme chumba chake kilikuwa shilingi 4,000, stesheni ikajengwa, kikawa 6,000. Posho haikusogea hata shilingi moja. Zile 2,000 zilizoongezeka zimetoka wapi? Zimetoka katika unga, katika karo, katika dawa. Huyo mtu amehamishwa na reli ijapokuwa bado analala kitanda kile kile.

Kwa hiyo katika kila mkataba wa pamoja unaokuja kujadiliwa, Chama kitataka kifungu kipya: posho ya nyumba ipimwe kila mwaka kwa kodi inayolipwa kweli katika mitaa wanamokaa wafanyi kazi wa kiwanda hicho. Waajiri watapinga. Watasema kodi ni shauri la mwenye nyumba. Nasi tutawajibu kwamba wao ndio wa kwanza kufaidi reli, maana watumishi wao wanafika mapema, hawakuchoka, na maghala yao yamepanda bei pia.

Ili tuweze kusema hivyo mezani twahitaji hesabu za kweli, si kelele. Makarani wa matawi watapewa karatasi za kujaza. Kila mwanachama aandike mtaa anakokaa, kodi aliyolipa miaka miwili iliyopita, kodi anayolipa sasa, nauli yake ya siku moja, na posho ya nyumba kama ilivyo katika karatasi yake ya mshahara. Jina halihitajiki. Mwenye risiti azilete zinakiliwe, atarudishiwa siku ile ile. Asiye na risiti, na wengi hawana kwa sababu wenye nyumba hawapendi kuziandika, aandike tu kiasi, na mwenzake anayekaa ploti hiyo hiyo atie sahihi kushuhudia. Wale wanaokaa au waliokuwa wakikaa katika nyumba za reli waongeze mwaka walioingia, na kama baba au mama alikuwa mtumishi wa reli. Wastaafu nao tunawaomba waje, waandike ni miezi mingapi pensheni yao imechelewa. Karatasi zao zitawekwa katika jalada moja na za wapangaji.